Hilux LN106: taa mpya za mbele, rilei mbili na swichi inayokata hasi

Gari ni Toyota Hilux LN106, dizeli 3L ya lita 2.8, umeme wa volti 12. Taa za mbele ni za mstatili, milimita 200 kwa 142. Malalamiko: usiku dimu (mwanga wa chini) ni ya njano, na ukiwasha fulu (mwanga wa mbali) barabara haiongezeki kitu. Kazi iliyopangwa ni kuweka taa mpya za globu ya H4 (globu ya meno matatu yenye dimu na fulu ndani yake) wati 60/55, yaani fulu 60 na dimu 55, na kuzipa umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia rilei (swichi inayovutwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa).

Vipimo kabla ya kununua chochote

Injini inaunguruma, dimu imewashwa, plagi zimo mahali pake. Mita imeingizwa kwa nyuma ya plagi. Betri: 13.9. Globu ya kushoto: 11.6. Ya kulia: 11.2.

Usipime na plagi imechomolewa. Waya usiobeba mzigo husoma volti kamili hata kama umebakiwa na uzi mmoja tu, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakanunua globu mpya bure.

Mwanga wa halojeni hauendi sambamba na volti. Unafuata volti kwa kipeo cha takriban 3.4. Kwa 11.6 badala ya 13.9, mwanga unaobaki ni kama asilimia 54. Upande wa kulia haufiki hata nusu. Kwa hiyo taa za zamani hazikuwa na kosa kubwa, na taa mpya kwenye nyaya zilezile zingeleta njano ileile ndani ya kioo kipya.

Upotevu wa kushoto ulikuwa volti 2.3: 1.4 upande wa chanya, kupitia fyuzi na viungo vyake, na 0.9 upande wa hasi, kupitia swichi ya usukani. Nambari hiyo ya pili ndiyo inayoeleza gari hili.

Toyota hii inakata hasi

Magari mengi hupeleka chanya kwenye dimu au fulu, na jino la tatu la globu, lile la pamoja, linakaa kwenye bodi (chuma cha gari, ambacho ndicho hasi). LN106 inafanya kinyume, sawa na Land Cruiser nyingi za 70 na 80. Taa zikiwashwa, jino la pamoja linapata chanya muda wote, na swichi ndiyo inayochagua ni waya upi, wa dimu au wa fulu, upelekwe kwenye hasi.

Kuhakikisha: chomoa plagi, washa taa. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya betri. Tundu moja tu litasoma 12 na zaidi bila kubadilika ukicheza na dimu na fulu. Hilo ndilo la pamoja. Kisha ncha nyekundu iweke kwenye chanya ya betri, ncha nyeusi iguse matundu mawili yaliyobaki; usomaji utahama kutoka moja kwenda jingine unapobadilisha dimu na fulu. Weka alama kwa utepe wa rangi. Rangi za waya usiziamini, kwa sababu gari la umri huu limeshapitia mikono mingi.

Hapa ndipo seti za nyaya zinazouzwa zikiwa tayari zinapokwama. Nyingi zimetengenezwa kwa gari linalokata chanya, koili za rilei (waya uliozungushwa unaovuta swichi iliyo ndani) zikiwa zimefungwa bodi upande mmoja. Kwenye Hilux koili inapata hasi pande zote mbili, na taa haziwaki kabisa. Kama seti imeunganisha pia jino la pamoja na bodi, unapata shoti na fyuzi ya taa inakatika palepale. Watu hurudisha seti dukani wakidhani ni mbovu.

Vifaa

Rilei 2 za ampea 40 pamoja na soketi zake. Vishikio 2 vya fyuzi visivyoingiza maji, fyuzi za ampea 15. Waya wa milimita za mraba 4, mita 2. Waya wa 2.5, mita 6 nyekundu na mita 2 nyeusi. Waya wa 0.85 kwa koili, mita 2. Soketi 2 za H4 za kauri. Plagi dume 1 ya H4.

Kuhusu waya: kwangua ncha kabla ya kulipa. Ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapoteza volti zaidi na ncha zake hulegea na kuoza. Iache.

Globu za 100/90 sikuziweka. Dimu mbili za wati 90 zinavuta ampea 15 kwa volti 12, na joto lake linaharibu plagi na kioo cha kuakisi. Wala LED ndani ya taa ya halojeni: chanzo cha mwanga hakikai sawasawa na uzi wa globu ya halojeni, kwa hiyo mwanga unatawanyika machoni mwa anayekuja.

Ufungaji

Toa kwanza hasi ya betri. Plagi ya asili ya kushoto inaingia kwenye plagi dume. Waya wa pamoja unakwenda mguu ulioandikwa 86 wa rilei zote mbili (86 na 85 ni ncha mbili za koili). Waya wa dimu unakwenda 85 ya rilei ya kwanza, wa fulu 85 ya rilei ya pili. Fuata mpangilio huu hata kama koili ya kawaida haichagui upande, maana zipo rilei zenye dayodi ndani, na hizo ukizigeuza dayodi inaungua au fyuzi inakatika.

Kutoka chanya ya betri, waya mbili za milimita 4, kila mmoja na fyuzi yake ndani ya sentimita 15 za kwanza, ziende miguu ya 30, mahali umeme wa taa unapoingia. Miguu ya 87 inatoa waya za 2.5 kwenda taa zote mbili. Jino la pamoja la globu sasa linakwenda bodi.

Dimu na fulu zina fyuzi tofauti kwa makusudi: moja ikikatika usiku, ya pili inakufikisha.

Rilei ya miguu mitano ichunguzwe. Mguu wa kati ukiandikwa 87a, huo una umeme rilei ikiwa imelala. Ukiutumia, taa zitawaka gari likiwa limezimwa. Nyingine mguu huo ni 87 ya pili, haina shida. Koili zangu zilisoma omu 88. Soketi zimefungwa miguu ikitazama chini ili maji yasituame.

Plagi ya kulia haitumiki tena, lakini bado ina chanya taa zikiwashwa. Imefunikwa kwa mpira wa kunywea kwa moto na kufungwa kwenye fremu.

Kosa lililojitokeza

Mara ya kwanza kushoto ilisoma 13.6, kulia 12.7. Kati ya jino la hasi la globu ya kulia na nguzo ya hasi ya betri kulikuwa na 0.8. Bolti inayofunga waya huo wa hasi kwenye bodi ilikuwa imekaa juu ya rangi. Baada ya msasa hadi chuma cheupe, kubana upya na kupaka grisi juu: 0.06, na globu ikasoma 13.5. Taa ya buluu ya dashibodi inafanya kazi kama zamani.

Kioo na kulenga

Kabla ya kununua taa tazama alama kwenye kioo. Taa za viwango vya Ulaya zilizotengenezwa kwa barabara za kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, zina mshale unaoelekea kulia kwako ukiitazama taa. Mshale wa pande mbili unafaa kote. Bila mshale ni ya barabara za kulia, na ile sehemu ya mwanga inayopanda itampiga machoni dereva anayekuja. Gari au taa iliyopitia Dubai ichunguzwe kwa jicho hilo.

Kulenga: ardhi tambarare, ukuta mita 5 mbele, upepo wa matairi sawa, mzigo wa kawaida nyuma, kwa sababu pikapu iliyopakia inainua pua. Mstari wa juu wa dimu umewekwa sentimita 7 chini ya usawa wa kitovu cha taa.

Baada ya wiki mbili za barabara ya vumbi: kushoto 13.6, kulia 13.5, na vishikio vya fyuzi havipati moto baada ya nusu saa ya fulu.