Fundi usipake kwanza, nikione chuma

Geti likitoka kwa fundi limeshapakwa redioksaidi, ile praima nyekundu ya kutanguliza kabla ya rangi yenyewe, mimi silipokei, na mafundi wa huku kwetu Kigamboni wameshanizoea, wananiita mkorofi nyuma ya mgongo na wala sikatai. Sababu ni moja tu, ule wekundu unaficha mambo mengi mno. Chini yake kuna mavi ya welding, yale magamba yanayobaki juu ya uchomeleaji, hayajagongwa, kuna vumbi, kuna jasho la mikono, na mara nyingi kutu yenyewe imeshaanza sababu chuma kililala nje kwenye yadi ya duka kikipigwa mvua. Afu utaitambuaje kutu juu ya rangi nyekundu? Unga unaotia rangi kwenye redioksaidi ni oksaidi ya chuma, yani kitu kilekile kilichomo kwenye kutu, kasoro tu wenyewe umetulia hauendelei kula.

Halafu kuna ile ngozi nyeusi inayong'aa, chuma kinatoka nayo kiwandani. Watu wanaipenda, wanaona chuma kipya. Ile inapasuka na jua, maji yanapita kwenye ufa, na ikianza kubanduka inaondoka na rangi yako juu yake. Mafundi hawapendi kuitoa maana inamaliza diski za grenda, utasikia "bosi usijali, rangi itafunika". Itafunika kweli, mpaka masika.

Maana kutu ikishazaliwa chini ya rangi haikai pale ilipo. Inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inavimba, inainua rangi, unaona kile kipele, ukikibonyeza kwa kucha kinatoka maji ya kahawia na unga. Na huku kwetu chumvi ndo inaongeza kasi, upepo wa kusi ukianza kuvuma ukipitisha kidole kwenye grili za upande wa bahari halafu ukilamba, utaniambia. Chumvi inavuta unyevu hata siku ambayo hamna mvua. Ndo maana kabla ya kupaka ni lazima chuma kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kifutwe, kikauke, na hapa wengi wanaharibu, wanaosha kwa maji ya kisima yenye magadi na chumvi, sasa umeosha nini?

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Gonga mavi ya welding yote, piga grenda mpaka ile ngozi nyeusi itoke na chuma kiwe cheupe, pitisha msasa, futa na kitambaa chenye thina uondoe mafuta, kisha praima ipigwe siku hiyohiyo, usiseme kesho, umande wa usiku mmoja tu wa huku unatosha kurudisha kutu. Asubuhi mapema pia usipake, subiri chuma kikauke umande, na saa saba mchana chuma kikiwaka jua usipake vilevile. Na praima siyo rangi ya kumalizia jamani, kuna mageti yanakaa mekundu mwaka mzima mwenye nyumba akisubiri hela ya rangi ya mafuta, redioksaidi peke yake inapitisha maji taratibu.

Kwenye kona na pembe za engo, vile vyuma vya umbo la L, mwambie fundi atangulize rangi kwa brashi ndogo peke yake kabla ya mkono wa kwanza wa geti zima. Rangi mbichi inajivuta kutoka kwenye ncha kali, inabaki nyembamba palepale, na angalia geti lolote la mtaani kwako, kutu inaanzia pembeni na kwenye maungio. Mkono mmoja wa rangi ya mafuta ukikauka ni kama maikroni 30 mpaka 40, unywele wako ni mnene kuliko hiyo, sasa fundi akiizimua kwa petroli ili galoni moja imalize geti zima na grili mbili za jirani, imebaki nini hapo?

Skwea paipu, yale mabomba ya pembe nne yaliyo wazi ndani, ndo tatizo kabisa maana zinaoza kwa ndani ambako brashi haifiki. Ziba juu kwa kuchomelea mzunguko wote, siyo vidoti viwili vitatu, na kama kuna pa maji kuingia basi toboa tundu chini yatoke. Unanunua nyumba au unapanga? Gonga miguu ya geti kwa nyundo ndogo, ikilia bubu na magamba yakadondoka, rangi ya juu hata ing'ae vipi usiitazame.

Kuna waliohamia kwenye paipu za zinki, yani za chuma kilichovishwa zinki, wamefanya vizuri, ila rangi ya mafuta usiipige moja kwa moja juu ya zinki. Mafuta ya rangi na zinki vinatengeneza kitu kama sabuni hapo katikati, rangi inabanduka vipande kwa vipande. Zinki ina praima yake, ulizia dukani, na muuzaji akikushushia kopo la redioksaidi akakwambia ni ileile tu, nenda duka la pili.