Siku moja maishani mwangu: fundi wa vitabu vya watawa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kusini mwa Ujerumani, mwezi Januari, giza bado ni zito na barafu imeshika vioo vya dirisha. Ninaamka saa hiyo kwa mazoea ya utotoni. Nilizaliwa Peramiho, mkoani Ruvuma, ambako Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika mwaka 1898, na kengele ya abasia ndiyo iliyokuwa saa ya kijiji kizima. Baba yangu alikuwa mjalidi katika kiwanda cha uchapaji cha watawa, na mezani pake ndipo nilipojifunza kushona vitabu kabla sijajua kwamba kuna watu waliofanya kazi hiyo hiyo miaka elfu moja kabla yetu, kwa ngozi badala ya karatasi.

Sasa ninafanya kazi katika karakana ya maktaba moja katika jimbo la Bavaria, na kazi yangu ni kutunza miswada ya Zama za Kati, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono na kunakshiwa na watawa. Ndugu zangu nyumbani hudhani kwamba ninashinda nikisoma, na majirani zangu wa huku hudhani kwamba ninachora upya picha zilizofifia. Mambo yote mawili si kweli. Kuongeza hata tone moja la rangi katika picha ya miaka mia tisa ni mwiko kwetu. Ninachofanya ni kuzuia kile kilichobaki kisidondoke, na siku nyingi kazi hiyo ina ukubwa wa punje ya ulezi.

Saa mbili asubuhi ninasoma vipimo vya hewa (unyevu asilimia 50, joto nyuzi 18), ninanawa mikono kwa sabuni, ninaikausha vizuri, kisha ninaweka gundi katika maji ya uvuguvugu. Gundi hiyo hutokana na kibofu cha hewa cha samaki yule yule ambaye mayai yake huliwa kwa jina la kaviari. Hulowekwa usiku kucha na haichemshwi, kwa maana ikichemka hupoteza nguvu zake.

Halafu ninamfungua mgonjwa wangu. Ni kitabu cha Zaburi cha karne ya 12, kazi ya monasteri ya Kibenediktini, mojawapo ya zile zilizofungwa na serikali mwaka 1803, vitabu vyake vikachukuliwa kwa mikokoteni. Ina majani 168, yaani vifungu 21 vya majani manane manane, kila kifungu kikiwa ni karatasi nne za ngozi zilizokunjwa katikati. Ikiwa ngozi moja ya ndama ilitoa karatasi mbili za ukubwa huu, basi ndama 42 walichinjwa kwa ajili ya kitabu kimoja. Ngozi zililowekwa katika maji ya chokaa, zikatolewa manyoya, zikawambwa kwenye fremu na kukwanguliwa kwa kisu chenye umbo la mwezi mwandamo, zikakazwa na kukwanguliwa tena mpaka zikawa nyembamba. Upande uliokuwa na manyoya bado una vitundu vidogo ambavyo kidole huvihisi kabla jicho halijaviona. Katika jani moja kuna tundu kubwa kuliko ncha ya kidole, lililoshonwa kingo zake kwa uzi, na mwandishi alipofika hapo aliligawa neno, nusu huku na nusu kule, akaendelea. Hakuitupa ngozi. Kila nikilifikia jani hilo hupumzika kidogo, kwa sababu hapo ndipo ninapomwona yule mtu waziwazi.

Kwa watawa hao Zaburi ilikuwa chombo cha kazi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inawataka waimbe zaburi zote 150 kila wiki, mchana na usiku. Sura ya 33 inamkataza mtawa kumiliki chochote, wala kitabu, wala ubao wa kuandikia, wala kalamu. Aliyeandika kitabu hiki, kwa hiyo, hakuwa na haki ya kukiita chake, na hata kalamu ya unyoya aliyoshika haikuwa yake. Aliandika kati ya kengele na kengele, akiacha mstari ili aende kusali, akirudi kuuendeleza. Nikitazama kwa makini ninaona mahali wino unapogeuka kutoka hudhurungi hafifu kuwa mweusi. Hapo alichovya kalamu upya, au pengine alitoka kwenda kanisani.

Saa tatu hadi saa nne na nusu nilikuwa kwenye hadubini, na kazi ilikwenda vizuri.

Saa nne na nusu walifika watu wa televisheni.

Walikuwa watano, na taa tatu. Ilikubaliwa kwamba watapiga picha dakika ishirini, kwa mwanga hafifu usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na kwamba nitafungua ukurasa mmoja tu, ule wa zaburi ya kwanza. Zaburi hiyo kwa Kilatini huanza na neno lenye maana ya "heri", na herufi yake ya mwanzo, B, inajaza karibu ukurasa mzima: matawi yanayojisokota, simba wawili, na Mfalme Daudi akipiga kinubi ndani ya tumbo la herufi. Dhahabu yake haijafifia. Fundi alipaka kwanza tabaka la chokaa laini na gundi, akaliacha likauke, kisha akalipulizia pumzi yake ili lipate unyevu wa kushika karatasi ya dhahabu, halafu akaisugua kwa jiwe laini au jino la mnyama mpaka ikang'aa kama kioo. Dhahabu hiyo ilishikizwa kwa pumzi ya mtu. Nilitamani sana waulize habari hiyo.

Mwongozaji wao aliuliza glovu nyeupe ziko wapi. Nilimweleza kwamba hatuzitumii. Pamba hupunguza hisia za vidole, hunasa kingo za ngozi na huweza kung'oa vipande vya rangi vilivyolegea. Mikono mikavu iliyooshwa ni salama zaidi. Akasema anaelewa, lakini watazamaji wake hawataelewa, na wataona kwamba ninadharau hazina. Nikamweleza tena. Akatoa mfukoni jozi aliyoinunua mwenyewe, akaiweka mezani, sentimita chache kutoka kwenye kitabu, akaniomba niivae kwa dakika moja tu, kwa ajili ya picha. Nilikataa. Akampigia simu mkubwa wake, mkubwa wake akampigia mkubwa wangu, na sisi sote tukasimama tukisubiri huku kitabu kikiwa wazi, jambo ambalo lenyewe si jema. Jibu lilipokuja lilikuwa upande wangu, lakini dakika thelathini na tano zilikuwa zimepotea, naye alikuwa amekasirika.

Baada ya hapo alitaka nifunue jani polepole. Kisha kwa haraka kidogo. Kisha kutoka upande mwingine, ili mkono wangu usimfunike Daudi. Mara ya saba nilikataa kuendelea. Wakati ule ule niliona kwamba mmoja wao alikuwa ameisogeza taa karibu ili dhahabu imetamete, na kona ya jani ilianza kujikunja kuelekea juu. Ngozi haisahau kwamba iliwahi kuwa ngozi ya mnyama: ikipata joto na ukavu hujaribu kurudi katika umbo la mwili. Jani likijikunja, rangi iliyo juu yake haijikunji pamoja nalo, bali hupasuka. Nilizima taa kwa mkono wangu mwenyewe. Sikupaza sauti. Niliwaambia kwamba muda umekwisha, nikaweka mifuko midogo ya uzito kwenye kingo, nikasubiri jani litulie. Lilitulia baada ya karibu saa nzima. Sijui kama watatumia picha zile, na la kusema kweli, nililoliombea wakati huo ni kwamba kipande cha rangi ya kijani kilicholegea kwenye mkono wa kanzu ya Daudi kisiwe kimechomoka.

Chakula cha mchana nilikila nimesimama. Nilimpigia baba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa ameamkaje?"

Nikamweleza habari za taa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la fundi: jani lilijikunja kufuata upande gani, wa manyoya au wa nyama? Nilipomjibu alisema, "Basi usilibane sana leo. Liache lipumue."

Mchana ni zamu ya kijani. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa kuweka shaba juu ya siki mpaka ikaota kutu, na kutu hiyo ikakwanguliwa na kusagwa. Ni nzuri mno, na ni adui. Kwa karne nyingi shaba imeendelea kuila ngozi, hata mahali pengine kanzu ya kijani ya mtakatifu imegeuka tundu lenye umbo la kanzu. Buluu haina ukatili huo. Ile bora ilisagwa kutoka jiwe la lazuli la Badakhshan, nchini Afghanistan, likasafirishwa mkono kwa mkono hadi misitu ya Ujerumani. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe za jiwe hilo katika ukoga wa meno ya mwanamke aliyezikwa kati ya miaka ya 1000 na 1200 hivi kwenye monasteri ya Dalheim, magharibi mwa Ujerumani. Yawezekana alikuwa akilamba brashi yake ili kuichonga ncha. Habari ile ilinigusa kuliko maonyesho yoyote niliyowahi kuyaona, maana watu bado huzungumza kana kwamba kazi hii ilikuwa ya wanaume peke yao. Hapa hapa Bavaria, Diemut, mtawa wa kike aliyeishi katika upweke huko Wessobrunn, alinakili kwa mkono wake vitabu takriban 45, na baadhi yake vipo hadi leo.

Kuanzia hapo sikuangalia saa tena. Unaweka tone la spiriti pembeni mwa kipande kilicholegea ili njia ifunguke, kisha gundi kwa brashi yenye nywele chache, na inapotambaa chini ya rangi unabonyeza kwa upole, unasubiri, unahamia kipande kinachofuata. Unajifunza kubana pumzi, kwa maana chafya moja inaweza kukigharimu kitabu ua zima. Shingo huanza kuuma, kisha mabega, kisha kiuno. Wanakili wa zamani waliacha maneno yao mwishoni mwa vitabu, na moja lililorudiwa sana linasema kwamba vidole vitatu huandika lakini mwili mzima hutaabika. Jioni kama ya leo ninawaamini kwa mifupa yangu. Wao, tena, hawakuwa na taa kama zangu wala chumba chenye joto kama changu, nao usiku wa manane waliamshwa kwenda kuimba zaburi zile zile walizoziandika mchana.

Giza lilikuwa limeshaingia niliponyanyua kichwa. Kipande cha kwenye mkono wa kanzu kilikuwa kimeshika. Chini yake, pale taa ilipokuwa karibu, niliona ufa mpya usiozidi unene wa unywele, ambao asubuhi haukuwapo. Niliupima, nikaupiga picha, nikauandika katika daftari la kitabu: tarehe, jani, mahali, sababu.

Nilikifunga kitabu, nikakirudisha katika sanduku lake, nikafunga chumba cha hifadhi. Nimemaliza robo tatu ya kanzu ya Daudi. Yamebaki majani kumi na moja yenye kijani, na kesho nitaanzia kwenye ule ufa.