Sijasema Kazi

Mwezi Mei mwaka 2015 nilikuwa mkalimani wa kujitolea Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kaskazini kabisa mwa Kigoma, jirani mlango kwa mlango na Burundi. Kazi ile sikuisomea. Nilichukuliwa kwa sababu mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Ukizaliwa na kimoja, cha pili unakisikia bila kufundishwa. Hapo ndipo kiburi changu kilipoanzia.

Watu walikuwa wakivuka tangu mwishoni mwa Aprili, chama tawala cha Burundi kilipomteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Waliendelea kuja hadi ufuko ukafichwa na watu. Walilala juu ya kokoto, khanga ndiyo paa. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa na ya kufulia yalikuwa yale yale ya ziwa, kipindupindu kikaingia. Kabla ya mwezi kwisha kilikuwa kimeua zaidi ya watu 30.

Barabara haikuwepo. Tegemeo kubwa lilikuwa MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyojengwa mwaka 1913, ikazamishwa wakati wa vita ya kwanza ya dunia na baadaye kuibuliwa. Ilichukua watu kama 600 kwa safari moja. Kwa kuwa Kagunga hakukuwa na gati, ilitia nanga mbali na ufuko, watu wakapelekwa kwa boti ndogo. Ikifika Kigoma waliteremshwa na kupelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Lakini kabla ya boti kulikuwa na foleni, na mbele ya foleni kulikuwa na meza, na kwenye meza ile nilikaa mimi na karani mmoja aliyetumwa kuandikisha.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, shati limemganda mgongoni, na kila aliponyanyua kichwa aliona foleni haijapungua. Alikuwa ameshazoea majibu: vita, hofu, wanatuwinda usiku. Aliandika neno moja na kuita anayefuata. Mimi nami nilishazoea mwendo wake. Mtu akianza kusema, nilianza kutafsiri naye sambamba, kama mtu anayekimbiza basi. Nilijiona hodari.

Siku ya tatu au ya nne akaja kijana mrefu, mwembamba, ameshika dumu tupu la mafuta ya kula la lita tano. Hakuwa na kingine. Karani akamtazama kuanzia juu hadi chini, akaandika 18 bila kuniuliza nimuulize. Halafu: "Sababu ya kuja?"

Nikamuuliza. Akaanza, "Naje kurondera..."

"Anasema amekuja kutafuta," nikasema, na papo hapo wakapita watu nyuma yangu wamebeba mgonjwa kwenye shuka, mmoja anapiga kelele wapishwe. Nikageuka. Nilipomrudia kijana, karani alikuwa ameshamaliza kuandika, anasoma kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia: "Miaka kumi na minane. Yuko peke yake. Kazi. Apite kule kwa wanaume."

Kijana hakwenda. Alilihamisha dumu kutoka mkono huu kwenda ule, akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu:

"Kaka, mimi sijasema kazi. Nimesema mama yangu."

Tukanyamaza wote wawili, karani na mimi.

Kumbe alizaliwa Mtabila, kambi ya Warundi iliyokuwa Kasulu, mwaka 2001. Alikuwa na miaka 14 tu. Alisoma pale hadi kambi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012, wakarudishwa kwao. Muda wote nilipokuwa nikimtafsiri, alikuwa akinisikiliza kila neno. Mama yake na mdogo wake walivuka siku mbili kabla yake. Yeye alibaki kumsindikiza babu, babu akashindwa kutembea, akamwambia nenda. Na sasa mama huenda ameshapanda Liemba, huenda bado yupo pale pale ufukoni miongoni mwa maelfu.

Mtoto aliyepotezana na mzazi hapangwi na wanaume wazima. Ana meza yake, ana fomu yake, anatafutiwa ndugu kwanza. Hilo tuliambiwa siku ya kwanza, nami nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa.

Karani akalikata neno "kazi" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake. Ile 18 akaisugua kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka. Hakuomba radhi, wala mimi sikuomba, ingawa kosa nusu lilikuwa langu. Labda zaidi ya nusu.

Siku zile Warundi walipokelewa kwa jumla kama wakimbizi, kwa hiyo unaweza kusema neno lile lisingemdhuru. Nami nilijifariji hivyo kwa muda. Januari 2017 utaratibu ule ulisitishwa, kila anayeingia akawa anahojiwa peke yake, na sababu yake inapimwa. Niliposikia habari hizo nilimkumbuka yeye, na nikajiuliza kabla yake niliwakatiza wangapi ambao hawakuzaliwa Mtabila, wasiojua Kiswahili cha kunisahihisha.

Nilimpeleka mwenyewe kwenye meza ya watoto. Njiani akaniuliza kama naifahamu Mtabila. Nikamwambia nimewahi kupita tu.

"Ule mwembe wa karibu na bomba bado upo?"

Nikasema sijui.

"Mama ataenda kuniangalia pale," akasema, "akinikosa."

Nikamwambia Mtabila ilishafungwa, sasa wote wanapelekwa Nyarugusu. Akasema anajua imefungwa. Akaketi kwenye kokoto nyuma ya watoto wengine, dumu katikati ya magoti, macho kwenye meli.

Nilirudi mezani. Aliyefuata alikuwa bibi mmoja aliyezungumza polepole sana, akisimama kila baada ya maneno mawili kuvuta pumzi. Karani aliweka kalamu chini. Nikamngoja bibi amalize.