Siku Nzima kwa Ajili ya "Yeye"

Saa kumi na moja na nusu alfajiri huwa nimekwisha kuamka, kwa kuwa kurasa zilizorekebishwa usiku ni lazima zichapishwe kabla waigizaji hawajafika. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Cape Town, na kazi yangu ni kumsaidia mfasiri katika chumba cha mazoezi: ninashika mswada wa Kijerumani na ule wa Kiafrikana, nikisikiliza kila sentensi inayotamkwa. Wengi hudhani kwamba mfasiri akishakabidhi mswada kazi imekwisha, ilhali hapo ndipo inapoanza.

Tamthilia tunayoiandaa ni *Woyzeck* ya Georg Büchner, aliyefariki mwaka 1837 akiwa na umri wa miaka 23 kabla ya kuikamilisha, nayo haikupanda jukwaani hadi mwaka 1913, mjini München. Inamhusu askari fukara anayemnyoa kapteni wake, na anayekula njegere tupu kwa ajili ya majaribio ya daktari ili apate senti za kumtunza mwanawe na mama yake mtoto.

Saa tatu nilimpelekea chai mwigizaji mkongwe anayecheza Kapteni. "Wil Oom tee hê?" nilimwuliza, yaani, "Mjomba anataka chai?" Kwa Kiafrikana mtu mzima haambiwi "wewe", kama nasi tunavyomwuliza mzee usoni pake, "Mzee ameamkaje?"

Saa nne tukaanza onyesho la kunyoa, na tukakwama hapo. Katika Kijerumani cha enzi ile, bwana alimsemesha mtu wa chini kwa "Er", yaani "yeye", kana kwamba hastahili hata kuitwa wewe. "Er hat keine Moral!" Kapteni anamwambia Woyzeck: hana maadili. Mfasiri alikuwa ameandika "jy", wewe; mwongozaji akasema dharau imeyeyuka, akataka "hy", yeye. Oom, yule mwigizaji mkongwe, akaweka mswada chini. Kwao, alisema, kuepuka "wewe" ni adabu aliyofundishwa kwa baba yake, na watazamaji wakisikia "hy" watamtafuta mtu wa tatu jukwaani. Tukajaribu kulitaja jina la Woyzeck badala ya kiwakilishi. Likasikika kama heshima. Tukarudi kwenye "jy", kisha "hy", kisha "jy" tena, chakula cha mchana kikapoa, na kila walipobishana macho yao yalinigeukia mimi niseme Kijerumani kinataka nini.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi Oom alipoomba kioo. Alikaa na povu shavuni, kijana anayecheza Woyzeck, mzaliwa wa Cape Flats, vitongoji maskini vya Cape Town, akiwa nyuma yake na wembe, naye akaisemesha sura yake mwenyewe kiooni: "Hy's 'n goeie mens, maar hy het geen moraal nie." Ni mtu mwema, lakini hana maadili. Mkono wenye wembe ukasimama hewani. "Ja, Kaptein," kijana akajibu kwa sauti ya chini, na chumbani hakuna aliyekohoa.

Usiku, macho yakiniwasha, nilikuwa nikibadilisha "jy" zote za onyesho lile nilipoona kwamba mwishoni Büchner mwenyewe anaiacha "Er". Kapteni anamruhusu Woyzeck aondoke kwa amri ya "wewe": "Geh jetzt." Nenda sasa. Kiafrikana, "Gaan nou", hakina kiwakilishi hapo. Nimeweka alama ya penseli pembeni, nimwulize Oom kesho kama angeweza, kwa maneno hayo mawili tu, kugeuka kutoka kiooni na kumtazama.