Nilivyowapata watoto waliokuwa wakifichwa kwenye kambi yetu ya mafuriko, Kilwa

Mtu akikwambia mtoto mwenye utapiamlo mama yake atamleta mwenyewe, jua huyo hajawahi kulala kambini. Mie niliambiwa hivyo na bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni na gari la kiyoyozi, nikamsikiliza kwa adabu kwa kuwa ndiye aliyeleta tepe za rangi za kupimia unene wa mkono wa mtoto.

Mambo yenyewe ni ya Januari 2020, mafuriko yalipoipiga Kilwa na maelfu ya watu wakakosa pa kuishi. Mpunga bondeni, nyumba jirani na mpunga, mto ukija unabeba vyote. Na mwezi wenyewe ulikuwa mbaya: hela ya korosho ilishakwisha, mahindi mapya hayajakomaa, na akiba ya ndani imeondoka na maji. Walioletwa kwenye shule yetu ya mwinukoni walifika na walichovaa, wakagawana madarasa. Mie ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ile kazi ambayo posho yake huja ikikukumbuka.

Habari za mahema na vyoo sizielezi, walikuwapo wanaume wa kutosha wa kubishana juu ya hilo. Niseme tu kwamba siku za mwanzo choo kimoja kwa watu 50 kinavumilika, lakini baada ya hapo mnatakiwa mshuke hadi watu 20, la sivyo mtaanza kuhesabu wanaoharisha.

Basi yule bwana akashauri tutangaze kwa kipaza sauti: akina mama wenye watoto wenye utapiamlo wafike chini ya mwembe saa nne. Nikatangaza. Sauti yangu kwenye kipaza ni nzuri, hilo nalijua, nimeshasherehesha harusi zaidi ya moja. Saa nne ikafika, saa tano ikapita. Chini ya mwembe tulikuwa mie, mbuzi wa mwalimu mkuu, na kijana mmoja aliyekuja kuuliza kama kile kipaza kinaweza kuchaji simu. Yule bwana akaandika kwenye daftari lake kwamba hali ya lishe kambini inaridhisha. Nilimwona akiandika!

Mie nilijua sababu, sema nani angeniuliza. Huku kwetu mtoto akidhoofu, wa kwanza kulaumiwa si njaa, ni wazazi. Watasema amebemendwa: baba katoka nje, au mama kabeba mimba nyingine mtoto hajaacha ziwa. Sasa nani atanyanyuka mbele ya mkwe wake na watu wa kijiji kingine anaolala nao darasa moja, ambebe mtoto kwenda chini ya mwembe, ili watu waanze kuhesabu dhambi za mumewe? Mama mmoja aliniuliza taratibu tukichota maji, "Dada, wewe ungekwenda?" Nisingekwenda.

Nikamgeukia bibi mmoja wa Kimatumbi, mkunga wa zamani, ambaye nusu ya watu wa kambi ile alikuwa amewapokea yeye walipozaliwa. Nikampigia shikamoo ndefu, nikampelekea na ugoro. Sikumtajia utapiamlo hata mara moja. Nilimwambia, "Bibi, nataka tupime mikono ya wajukuu zako wote, tujue nani anakula vizuri." Akasema, "Wote?" Nikasema wote. Tukaanza makusudi na mtoto wa mwalimu mkuu, bonge la mtoto, mkono wake utepe nusura usitoshe. Watu wakacheka. Baada ya hapo hakuna aliyeona kupimwa ni aibu.

Tulipima kwenye foleni ya uji. Mkono kwanza, kikombe baadaye. Wanapimwa wa kuanzia miezi sita mpaka kabla ya kutimiza miaka mitano, mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegea. Bibi hajui kusoma lakini rangi anazijua: kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu, njano ni kati ya 11.5 na 12.5, na chini ya 11.5 ni nyekundu, huyo asilale bila kuonwa na daktari. Wengi wanaukaza utepe kama wanafunga mzigo wa kuni, ndiyo maana wanapata nyekundu za uongo. Ushike ngozi tu, usiibane.

Sasa hapa ndipo najisifu, na mniache nijisifu. Rangi hatukuitamka. Mtoto akitoka njano au nyekundu, bibi anamwambia mama yake kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, kesho uje unisaidie kukoroga uji." Basi. Mama anakuja nyuma ya jiko asubuhi, tunakoroga, na tukiwa pale moshi unatusitiri tunaongea: analala vipi, anaharisha, ananyonya, baba yuko wapi. Kwa njia hiyo nikawapata watoto ambao kwenye darasa lao walikuwa wakifunikwa kanga mchana kutwa nikipita. Mpango ulifanikiwa mpaka ukaleta kesi. Akina mama wenye watoto wa kijani walikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki kwamba wakorogaji wanachaguliwa kwa upendeleo, na kwamba bibi anapendelea watu wa ukoo wake. Mwenyekiti akaniita, nikamweleza siri, akacheka hadi akakaa chini, kisha akatoka nje akawaambia kazi ya kukoroga itakuwa ya zamu. Zamu tukaipanga sie.

Uji wenyewe tulichanganya unga wa mahindi au mtama, karanga za kusaga, mafuta na sukari. Kisha nikakumbuka wabanguaji wa korosho, wale akina mama wanaokaanga na kuuza barabarani Nangurukuru. Vipande vilivyovunjika haviuziki kwa bei ya maana, nikavichukua kwa hela ndogo, vingine kwa ahadi. Ukivisaga vikaingia kwenye uji unapata mafuta na ladha ambayo mtoto haikatai. Ila tusidanganyane, uji unamsaidia wa njano na unamkinga wa kijani. Wa nyekundu hatibiwi kwa uji. Akiwa na hamu ya kula na hana homa wala uvimbe, kituo cha afya kinampa chakula dawa, ule mchanganyiko laini wa karanga na maziwa. Pakiti moja ni gramu 92 na ina kilokalori 500. Na ni dawa yake peke yake. Mama mwenye watoto wanne atagawa, utamlaumu? Ndugu zake tuliwapa uji wa ziada ili wasimwangalie mdogo wao akila.

Aliyenitisha kuliko wote hakuwa mwembamba. Alikuwa kama wa miaka miwili, mashavu haya, utepe ukasoma kijani, na bibi mwingine pale akamsifu kwamba huyu mafuriko hayakumwona. Lakini alikuwa kanuna, hataki kuguswa, uji anausukuma, na nywele zimekuwa nyepesi na nyekundunyekundu. Nikambonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba, nikahesabu taratibu mpaka tatu, nikaachia. Mashimo yakabaki pale pale. Kwashiakoo. Yale mashavu yalikuwa maji. Kuanzia siku ile, utepe na kidole vinakwenda pamoja, kijani au si kijani.

Baba yake mkubwa akatoa ushauri wake: mtoto ashindiliwe ugali na nyama, atapona. Nikapandisha sauti, na mie si mtu wa kumpandishia mkubwa sauti. Mtoto wa namna hii mwili umechoka hata kupokea chakula. Hospitali wanaanza na maziwa maalumu yanayoitwa F-75, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, pamoja na dawa za vijidudu. Ukimshindilia anaweza kukufia mkononi. Bodaboda wa kumpeleka hospitali alitaka elfu kumi na tano, sijui ishirini, kwa sababu ya tope, nikakopa. Mtoto alirudi baadaye miguu imenywea, mwembamba kabisa, na watu wakasema hospitali wamemkondesha.

Halafu kuna wafadhili. Mimi nashukuru kila aliyekuja na unga, maharage, sabuni, ndoo. Lakini alikuja mtu na maboksi ya maziwa ya kopo na chupa za chuchu, anataka agawe kwa kila mama anayenyonyesha huku anapigwa picha. Maji yetu ni ya tope, kuni zimelowa, chupa utaichemshia wapi? Mtoto mchanga akianza kopo pale ameanza kuharisha, na ziwa la mama likikosa kunyonywa linakauka kweli. Nikamkaribisha kiti, nikamwomba maziwa yaingie kwenye uji wa wakubwa, nikamfungia chupa zake kwenye boksi kwa upole arudi nazo. Picha akapiga akiwa na mwiko.

Wapo waliosema maziwa yamekata kwa hofu. Mshtuko unafanya yasishuke vizuri kwa muda, hayakauki. Mama akae na mtoto kifuani, amnyonyeshe mara kwa mara hata usiku, ale na yeye, na watu waache kumkodolea macho. Tuliwatengea kona ya darasa kwa kanga mbili na kamba. Kanga zilikuwa zangu, sijaziona tena.

Kuharisha kulikuwapo, tulishukuru tu hakikufika kipindupindu. Paketi za chumvichumvi zikiisha unatengeneza: maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pamoja na zinki, siku 10 mpaka 14 hata kama choo kimeshakaza. Na aendelee kula! Sijui nani aliwafundisha watu kumnyima chakula mtoto anayeharisha.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia, na ambalo nalitaja kwa watu wa kamati kila nikipata nafasi, ni dawa za watu wazima. Mafuriko hayachukui godoro tu. Yalichukua vidonge vya presha, vya kifua kikuu, vya wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI. Huwezi kusimama darasani ukauliza nani anatumia za virusi. Nikafungua foleni ya kadi zilizopotea, kadi yoyote: ya wajawazito, ya chanjo ya mtoto, ya kliniki. Wote mstari mmoja, mmoja mmoja ananong'ona anachohitaji, na nesi anapiga simu kituoni kufuatilia. Watoto wa chanjo tuliwapeleka hapo hapo, maana surua ikiingia kwenye watoto wenye njaa waliobanana darasani haiachi kitu.

Watu walipotawanyika, tepe zilizobaki niliwaachia mabibi. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga, yule bibi wa Kimatumbi alinipigia simu kwa kutumia simu ya mjukuu. Sikudhani kama bado anayo namba yangu. Alikwishapima watoto wote wa majirani walioingiliwa na maji, bila kuambiwa na mtu. Alichotaka ni utepe mpya, kwa kuwa wa kwake rangi zimefutika na wajukuu wameufanya mkanda wa mdoli. Na ugoro, akasema, usisahau ugoro.