Koyote hawagusi tena kuku wangu

Majira ya kuchipua mwaka jana kuku wangu wawili walichukuliwa uani, mchana kweupe. Naishi Aurora, Colorado, na nyuma ya nyumba kuna kijito ambacho koyote hukifuata kama barabara. Koyote ni jamaa ya bweha wetu, ila ni mkubwa zaidi.

Chanzo kilikuwa chakula. Nilikuwa nikiacha bakuli la paka barazani usiku kucha, na mbegu za ndege zilizomwagika zilileta panya, nao panya wakamleta koyote. Nikaondoa vyote.

Banda ndilo lililonichosha. Wavu mwembamba wa kuku koyote anaupasua kwa meno, kwa hiyo nikaweka wavu mgumu wa kuchomelewa, na juu nikaliezeka, maana uzio wa mita moja na nusu anaupanda. Anapochimba huanzia pale ukuta unapogusa ardhi. Basi nikalaza wavu mwingine chini, sentimita 60 kuelekea nje, nikaufukia.

Nikimwona uani sikimbii. Nainua mikono, nagonga sufuria, namsogelea hadi atoweke kabisa. Ukiacha katikati, atazoea kelele. Wanangu nimewafundisha wasimpe mgongo, warudi kinyumenyume wakimtazama. Aprili na Mei, wakati wa watoto wao, hatupiti kabisa karibu na mapango yao, kwani mzazi atasimama kuwatetea.

Tangu Juni sijapoteza kuku. Alfajiri bado namwona ng'ambo ya kijito, akienda zake.