Sukari Yangu Ilishuka Kabla ya Kilo Kushuka

Siku ya nne baada ya upasuaji wa kupunguza uzito nilitoboa kidole kupima sukari kama nilivyozoea kwa miaka tisa ya kisukari, mashine ikaniandikia 6.4 (milimoli kwa lita). Nikadhani imeharibika. Nikanawa mikono tena, nikachukua stripu nyingine: 6.3. Mwezi mmoja nyuma, nikiwa na vidonge vya aina mbili na sindano ya insulini kila usiku, asubuhi nikisoma 10 nilikuwa nashukuru. Na hapo uzito wangu ulikuwa umepungua kilo mbili tu.

Ndiyo maana nakereka nikisikia watu wakisema upasuaji huu hutuliza kisukari kwa kuwa mtu anakonda tu. Kukonda kunasaidia, tena sana, lakini kwangu sukari ilitangulia. Nilifanyiwa ule wa kuchepusha chakula: mfuko wa chakula unabakizwa kifuko kidogo, kisha utumbo mwembamba unaungwa hapo, chakula kiruke mfuko wenyewe na mwanzo wa utumbo. Kinafika chini mapema, na kule chini utumbo unamwaga kwa wingi homoni ya GLP-1, inayolihimiza kongosho kutoa insulini. Isitoshe, siku zile za mwanzo unakula kidogo mno hata ini linapungua mafuta na kuacha kumimina sukari ovyo usiku kucha. Si jambo la jana. Mwaka 1995 daktari mpasuaji Walter Pories wa Marekani na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wao wa kisukari ambao sukari ilirudi kawaida baada ya upasuaji na kubaki hivyo kwa miaka.

Jamaa yangu aliyenitangulia kufanyiwa aliniambia, "Ukitoka hospitali tu, dawa tupa. Mimi nilitupa siku ile ile." Alinitakia mema, lakini ushauri ule ungeweza kuniumiza. Yeye kisukari alikuwa nacho miaka miwili, anameza vidonge tu. Mimi miaka tisa, na insulini juu yake. Kadiri ugonjwa ulivyokaa muda mrefu, ndivyo kongosho linavyokuwa limechoka, na upasuaji haulifanyi kuwa jipya. Daktari wangu alipunguza sindano kwa nusu, akaiondoa wiki ya tatu baada ya kuangalia namba zangu za kila siku. Metformini, kidonge kimojawapo cha kisukari nilichokuwa nameza, ilibaki hadi mwezi wa nane, ila alinibadilishia ile inayoyeyuka polepole akanipa ya kawaida, kwa sababu njia ya chakula imefupishwa. Vidonge vile vingine vya kisukari ambavyo majina yake huishia na "flozini" alikuwa amevisimamisha siku tatu kabla ya upasuaji. Vinaweza kujaza damu tindikali hata sukari ikiwa haijapanda sana. Na macho yapimwe mapema. Sukari ikishuka kwa kasi, jicho ambalo tayari limeguswa na kisukari linaweza kuharibika zaidi. Mimi hilo nililiuliza mwenyewe.

Mwezi wa kumi na nne ndipo nilipopata mtihani ambao hakuna aliyekuwa ameniandaa nao. Saa mbili hivi baada ya kula, mikono inatetemeka, jasho jembamba, maneno yanakataa kutoka. Nikapima: 2.9. Mimi, mtu wa kisukari, sukari imeshuka bila sindano wala kidonge! Kila mtu akanishauri ninywe kitu kitamu. Nikanywa glasi nzima ya juisi, nikapata nafuu, na baada ya saa mbili nikaanguka tena, 3.1. Nikanywa nyingine. Wiki tatu nilizunguka hivyo, na kilo tatu zikanirudia.

Nikachukua daftari. Nikapima kabla ya kula, kisha nusu saa baadaye, saa moja, saa mbili, saa tatu. Stripu zilinila fedha nyingi, sikuzihesabu, na sijutii hata moja. Siku ya pili nikaona mlima na shimo: nusu saa baada ya kula 12, saa mbili 3. Shimo lilikuwa linazaliwa na mlima! Wanga ulikuwa unafika kwenye utumbo kwa kishindo, insulini inatoka kupita kiasi, sukari inaporomoka. Basi nikala mlo ule ule, kiasi kile kile, nikigeuza mpangilio tu: protini kwanza, mboga, wanga mwisho kabisa, na kinywaji nusu saa baada ya mlo. Mlima ukafika 8.1, shimo likaishia 4.6. Nilipiga kelele peke yangu jikoni. Mtaalamu wa lishe alipoliona daftari alisema ndivyo hasa ambavyo angenielekeza, akaongeza tu kwamba wanga wenyewe nao nipunguze. Siku sukari ikishuka kweli natumia gramu 15 za glukosi, nasubiri dakika 15, napima, halafu nakula protini kidogo ili isiporomoke tena.

Kwa sababu ya mlima na shimo hilo, kile kipimo cha kisukari cha kunyweshwa maji ya glukosi nakikataa popote ninapopimwa, naeleza nilivyofanyiwa, wanitafutie kingine.

Wapo wanaosema nilichagua njia ya mkato. Utafiti wa STAMPEDE, uliolinganisha upasuaji na dawa, uliwafuata watu wa kisukari 150 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 5, waliokuwa na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) ya asilimia 6 au chini yake walikuwa asilimia 29 ya waliochepushiwa chakula, 23 ya waliokatwa sehemu ya mfuko wa chakula, na 5 tu ya waliotegemea dawa peke yake. Zisome tena kwa upande wa pili: wengi hata baada ya kisu hawakufika hapo. Mimi mwaka huu wa nne HbA1c yangu ni asilimia 6.1 bila dawa, na bado nasema kimetulia, sisemi kimepona. Vitamini B12, chuma na kalsiamu nitazimeza maisha yangu yote.

Shangazi yangu aliniona juzi na mashine mkononi. "Mwanangu, si umeshapona? Mbona bado unajitoboa?" Nikamgeuzia kioo cha mashine asome mwenyewe: 5.3.